UZI: Dawa za sukari na presha za mama, tulivyotoka 90,000 hadi 22,500 kwa mwezi bila kuruka dozi

Binti Pangani (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Huu uzi ni mrefu. Nauandika kwa ajili ya wenye mzazi anayemeza vidonge kila siku na mwisho wa mwezi wanapigiana simu na ndugu kuulizana nani ana chochote.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi Pangani. Ana sukari, na presha ikaja kuongezeka baadaye. Mimi niko Dar, kaka yangu yuko Tanga mjini, na hela ya dawa tunachanga sisi wawili. Mwaka jana mwezi wa tisa alianguka alfajiri akitoka kuchukua udhu. Alipofikishwa hospitali presha ilisoma 210 kwa 118. Daktari akamuuliza kama anakunywa dawa, akajibu, "Nakunywa mwanangu." Jioni nilipokuwa napanga vitu vyake nikakuta karatasi za vidonge tulizomnunulia mwezi wa saba bado zina vidonge. Nikamuuliza taratibu. Akasema, "Siku moja nakunywa, siku moja naacha. Najua mnasomesha."

Hilo neno bado linaniuma hadi leo. Tulikuwa tunatuma hela tukidhani tumemaliza kazi, kumbe mama alikuwa anatuhurumia kwa mwili wake.

Kilichofuata ni kukaa chini na cheti chake cha dawa. Alikuwa anatibiwa zahanati moja ya binafsi, na dawa zote zimeandikwa kwa majina ya kampuni. Famasi tuliyozoea inatoa kilekile kilichoandikwa. Hesabu ilikuwa hivi: Glucophage vidonge 120 kwa mwezi, kila kimoja 350, jumla 42,000. Kidonge cha presha cha mchanganyiko (losartani pamoja na dawa ya kutoa maji) 30 kwa 1,000, jumla 30,000. Norvasc 30 kwa 600, jumla 18,000. Hapo ni 90,000 kabla hujagusa vipimo wala nauli.

Nikaenda famasi nyingine karibu na ninakofanya kazi, nikamkuta dada mmoja mtulivu. Akachukua kalamu, pembeni ya kila jina akaandika jina halisi la dawa iliyomo ndani. Glucophage ni metformini. Norvasc ni amlodipini. Akaniambia nisiulize tena "mna Norvasc?", niulize "amlodipini ya miligramu 5 mnayo ya kampuni ngapi, na kila moja bei gani?" Swali hilo moja ndilo lililobadilisha mambo.

Kile kidonge cha mchanganyiko hakuthubutu kukigusa bila daktari, na namshukuru kwa hilo. Tukarudi kwa daktari wa hospitali ya wilaya, akasoma, akasema mama anaweza kumeza losartani na dawa ya kutoa maji kama vidonge viwili tofauti, dozi ileile. Akaandika cheti kipya kwa majina halisi. Mwezi huo tulilipa metformini 12,000, losartani 6,000, dawa ya kutoa maji 1,500, amlodipini 3,000. Jumla 22,500. Bei hizo ni za risiti zangu. Famasi mbili zilizotazamana zinaweza kupishana sana kwa dawa ileile, kwa hiyo ulizeni zaidi ya sehemu moja.

Jambo la pili, ambalo kama ningelijua mapema mama asingeanguka: mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Tulianzia kwa mtendaji wa kijiji kwa barua, tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii, mama akapigwa picha, akapata kitambulisho cha mzee. Sasa anapita dirisha la wazee. Dawa zikiwepo anazichukua pale, na zikikosekana ndipo tunanunua zile zilizopungua tu. Kuna mwezi tulinunua amlodipini peke yake.

Mwenye swali aulize, na wenye kujua zaidi yangu waongeze. Natamani tukusanye kila njia halali hapa.

---

Baba Zuhura

Pole sana dada, mama apone. Ila mimi hizi dawa za bei rahisi zimenitisha. Mzee wangu alibadilishiwa ya presha, wiki mbili baadaye presha ikawa juu. Nikaamini kwamba rahisi ni ghali. Mnasemaje?

---

Mfamasia wa Zamu

Baba Zuhura, swali lako ni la haki na ndilo ninaloulizwa kila siku dirishani.

Kampuni ya kwanza kugundua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa. Bei inakuwa juu kwa sababu hana mshindani. Hataza ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza dawa ileile. Lipitor, ya mafuta kwenye damu, ilipoteza ulinzi wake Marekani mwaka 2011 na leo atorvastatini inatengenezwa na viwanda vingi. Kiwanda cha pili hakirudii utafiti wa tangu mwanzo. Kinachotakiwa kithibitishe ni kwamba dawa yake ina kiasi kilekile na inafika kwenye damu kwa kiwango na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Ndiyo maana bei inashuka. Kupungua kwa bei peke yake hakumaanishi kwamba dawa imepunguzwa nguvu.

Kuhusu mzee wako, ningeangalia mambo mawili kabla ya kulaumu dawa. Kwanza, je, alipewa dawa ileile ya kiwanda kingine, au alipewa dawa tofauti kabisa ya presha? Watu wengi huita zote mbili "kubadilishiwa". Pili, je, miligramu zilikuwa zilezile? Nimeona mtu akitoka kwenye losartani 100 akaanza kumeza 50 kwa sababu kidonge kinafanana.

Zipo dawa ambazo hata mimi nasita kubadilisha kiwanda ovyo: za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, warfarini ya kuyeyusha damu, na homoni ya tezi ya shingo. Hizo tofauti ndogo tu kwenye damu inaweza kuleta shida. Ukishatulia na kiwanda kimoja baki nacho, na ikibidi kubadilisha daktari ajue na vipimo vifanyike.

Sasa nyongeza kwa mleta uzi, maana amegusa vituo vya serikali.

Tanzania tuna Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Kila dawa ina herufi inayoonyesha inaanzia ngazi gani: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ni ya kibingwa. Mtu anaenda zahanati akikosa dawa anaondoka akisema serikali haina dawa, kumbe dawa yake ni ya ngazi C na pale haikutakiwa kuwepo. Muulize daktari swali hili: "Hii dawa inapatikana kuanzia ngazi gani?" Na wakati mwingine anaweza kukuandikia ya kundi lilelile inayopatikana karibu na kwako. Kwa mgonjwa wa kijijini hilo ni kubwa kuliko punguzo lolote la famasi, kwa sababu nauli ya kwenda mjini kila mwezi nayo ni sehemu ya bei ya dawa.

Wenye bima ya NHIF: dawa ikikosekana kituoni usitoe hela mfukoni kwanza. Omba fomu namba 2C, ijazwe na kugongwa muhuri, uende nayo famasi iliyosajiliwa na mfuko. Wengi hawaambiwi, na wasipouliza wanalipa.

Jambo jingine. Dawa za Bohari ya Dawa (MSD) zina alama ya GOT, mali ya serikali. Ukiuziwa dawa yenye alama hiyo kwenye duka la mtu binafsi, hata kwa bei nzuri kiasi gani, ujue imetoka kwenye dirisha ambalo mzee mwingine ameambiwa "hakuna". Usinunue. Toa taarifa TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba.

Na tafadhali msikate vidonge bila kuuliza. Chenye mstari katikati mara nyingi kinakatika. Vile vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole, vyenye herufi kama SR, XR au Retard, ukivikata dozi ya siku nzima inaweza kuingia kwa mpigo.

---

Mkulima wa Tukuyu

Nimesoma yote nimenyamaza. Mimi mwanangu ana miaka 11, ana ile sukari ya utotoni, anachoma insulini mara mbili kwa siku. Kwetu hakuna cha kidonge. Siku tukikosa insulini tunamkosa yeye. Kuna wakati niliuza mahindi shambani yakiwa bado mabichi ili nipate chupa ya mwezi. Kuna msaada wowote?

---

Mama Wawili

Mkulima wa Tukuyu, pole sana ndugu yangu, nimeyapitia haya na binti yangu. Sikiliza.

Kuna mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children, ulianza 2009, na Tanzania imo. Watoto na vijana wenye sukari hiyo wanapata insulini, mabomba ya sindano na vipimo bila malipo kupitia kliniki maalumu. Usitafute dukani kabisa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya sukari ya watoto, mwandikishe. Ukiambiwa na mtu wa getini hawajui, usirudi nyumbani, muulizie muuguzi wa kliniki ya sukari. Mimi nilirudishwa mara mbili na watu wasiojua, mara ya tatu nikampata muuguzi aliyeniandikia palepale.

Mambo mawili ya kuokoa maisha, kwa sababu mtu akiwa na shida hupokea insulini kutoka popote.

La kwanza, angalia nguvu yake. Chupa zetu hapa kwa kawaida ni yuniti 100 kwa mililita moja. India bado ziko chupa za yuniti 40, na watu wanaotoka kutibiwa huko wanarudi nazo na kuwagawia ndugu kwa nia njema. Bomba la yuniti 100 mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya chungwa, la 40 chekundu. Ukichukua chupa ya 100 ukavuta kwa bomba la 40, mtoto anapata mara mbili na nusu ya dozi yake. Hiyo inaua usiku akiwa amelala. Ukifanya kinyume anapata chini ya nusu.

La pili, kuhifadhi. Chupa ambazo hujazifungua zinatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Sisi hatukuwa na friji. Muuguzi alitufundisha mtungi wa udongo: mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Na iliyokwisha kufunguliwa si lazima iwe baridi kali. Shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini kwa joto kama la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yalitoka 2021: wiki nne dawa ilibaki na nguvu yake. Tukuyu ni baridi kuliko huko. Ila jua la dirishani na dashibodi ya gari usijaribu.

Na kamwe usimpunguzie dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Bora uje uombe.

---

Mkulima wa Tukuyu

Asante mama. Jumatatu nakwenda Mbeya naye.

---

Mwana Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Na huku ni hayo hayo, majina ya ofisi ndiyo tofauti.

Kwetu bima ya zamani ilibadilishwa Oktoba 2024, sasa ni SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Watu wengi wa mtaani hawajajisajili kwa sababu wanaogopa michango, lakini ukijisajili tu, huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani level 2 na 3, zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Presha na sukari ambazo hazina matatizo makubwa zinaweza kufuatiliwa pale. Shida ni pale stoo inapokuwa tupu.

Stoo ikiwa tupu mimi humpeleka nyanya, yaani bibi yangu, hospitali za misheni. Nyingi zinanunua dawa kupitia MEDS, shirika la makanisa lililoanza 1986 kwa ajili ya kununua dawa kwa wingi na kuzipima ubora kwenye maabara yao. Hawamuuzii mtu mmoja mmoja, lakini bei ya kituo kinachonunua kwao huwa na nafuu. Sisi ni Waislamu na hatujawahi kuulizwa dini mlangoni.

Insulini pia: mwaka 2012 kampuni ya Novo Nordisk ilikubaliana na vituo kadhaa hapa Kenya ili chupa imfikie mgonjwa kwa bei ya nafuu, wakati ule shilingi 500 za Kenya. Uliza kwenye kliniki ya sukari ya kaunti yako au hospitali ya misheni kama wamo.

---

Jirani wa Columbus

Niko Ohio. Nataka kuwaambia na wa huku, kwa sababu kuna Waswahili wengi huku wanaolipa bei ya juu kwa aibu ya kuuliza, wengine Kiingereza hakijakaa sawa.

Usilipe bei ya kwanza unayotajiwa. Famasi tatu kwenye barabara moja zinaweza kukupa bei tatu. Kuna kuponi za GoodRx, hazihitaji bima. Kuna Cost Plus Drugs iliyofunguliwa 2022, wanaweka gharama yao wazi, wanaongeza asilimia 15 na ada ya famasi. Walmart wana insulini ya aina ya zamani ya ReliOn, chupa kama dola 25, ila si sawa na zile mpya, kwa hiyo usihamie bila daktari kukupangia dozi upya. Wazee wenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, kila aina ya insulini inayolipiwa na bima hiyo haizidi dola 35 kwa mwezi tangu 2023.

Na kama huna bima kabisa, tafuta kituo cha afya cha jamii kinachopata fedha za serikali kuu. Malipo yanakwenda kwa kipato chako, na dawa wananunua kwa bei ya punguzo. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na hulipii. Msimtumie mtoto wa darasa la tano kutafsiri dozi ya mama yake, nimeliona hili na matokeo yake.

---

Kijana wa Sinza

Kuna mtu Instagram anauza sindano za Ozempic za sukari kwa nusu bei, analeta mpaka mlangoni na hataki cheti. Nimnunulie shangazi?

---

Mfamasia wa Zamu

Usinunue, mdogo wangu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zilipenya huko, kwa mtu asiye na duka wala leseni utajuaje ulichonacho? Hata kama ni halisi, imesafiri kwenye joto gani? Dawa ya kuandikiwa ukiuziwa bila cheti, muuzaji amekwisha kukuambia jinsi anavyofanya kazi. Shangazi aende kliniki aulize kama metformini pamoja na dawa nyingine ya bei ya kawaida haitamfaa. Kwa wengi inafaa.

Njia ya kujihakikishia: TMDA wana orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yao. Tafuta jina na kiwanda kilichoandikwa kwenye boksi. Angalia tarehe ya mwisho na namba ya toleo kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge, zilingane. Na omba risiti, ili ukikuta tatizo uwe na pa kurudi.

---

Baba Zuhura

Mfamasia, nimekwenda kuangalia zile karatasi za mzee. Ulisema kweli. Alitoka miligramu 10 za amlodipini akapewa za 5, akawa anameza kimoja kilekile. Kesho nampeleka. Nimekosa usingizi kwa kufikiri nimewatukana watu wa dawa bure.

---

Binti Pangani (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Pangani.

Walioniuliza kwa ujumbe wa faragha kama natuma dawa kwa basi: vidonge ndiyo, ndani ya kopo kavu lililofungwa vizuri, na naomba kondakta asiweke kwenye buti karibu na injini. Insulini hapana, nisingethubutu.

Aliyeuliza kama kuna kununua ya miezi mitatu kwa pamoja: tulijaribu, bei ilishuka kidogo, lakini daktari alimbadilishia mama dozi mwezi wa pili na tukabaki na vidonge visivyotumika. Sasa tunanunua mwezi mmoja, na wiki moja ya akiba.

Kuhusu dozi, tumefanya hivi. Kaka amenunua kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba. Kila Jumapili jioni mtoto wa jirani anampangia mama vidonge vya wiki na kunitumia picha. Mwanzo mama alikataa, akasema tunamchunga kama mtoto. Nikamwambia mama, hesabu ya hela tuachie sisi, wewe tuachie vyumba vitupu. Akacheka.

Ijumaa iliyopita alikuwa kliniki. Presha 138 kwa 84. Losartani haikuwepo dirishani, nimemnunulia leo, 6,000.